"Husubiri" au "aingoja"? Jibu kwa mshairi wa Tabora

Msomaji wetu wa Tabora ametuletea shairi la beti mbili pamoja na ugomvi. Anaandika hivi: "Nimetunga kuhusu babu yangu, aliyefanya kazi reli enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kisha akazeeka akifuatilia mafao yake. Kwenye kibwagizo nimeweka 'husubiri haki yake'. Katika kikundi chetu cha ushairi mmoja anasema niweke 'ngoja'. Mwingine anasema 'ngoja' ni neno la sokoni, halifai kwenye shairi, na mizani itapungua. Wa tatu hataki 'subiri' kwa sababu eti ni Kiarabu. Nimebaki katikati. Nishike lipi?"

Shairi lenyewe ni hili:

Bahasha i mkononi, yenye karatasi zake,
Kanzu safi maungoni, kofia kichwani mwake,
Karani yu dirishani, hainui macho yake,
Babu yuko kibaoni, husubiri haki yake.

Mataruma ya relini, yajua jasho ni lake,
Wenziwe wamo mavani, wamemwacha peke yake,
Faili limo chumbani, hawaoni jina lake,
Babu yuko kibaoni, husubiri haki yake.

Ndugu yangu, kwanza hongera. Mizani ni nane kwa nane bila kupwaya, vina vimesimama, na mshororo wa karani asiyeinua macho ningeupenda uwe wangu. Sasa tuingie kwenye neno lako, na nianze na huyo wa tatu, maana hoja yake ni nyepesi kuliko zote.

Ni kweli "subiri" limetokana na Kiarabu na "ngoja" ni la Kibantu. Lakini tukianza kufukuza maneno kwa asili yake, tutaondoka pia na "haki", ambalo nalo ni la Kiarabu, na "reli" na "faili" ambayo ni ya Kiingereza. Babu atabaki kibaoni hana cha kudai wala pa kukidai. Neno likishakaa kinywani mwa watu vizazi na vizazi ni lao. Swali la mshairi ni neno hilo linabeba nini leo, linapotua masikioni mwa msikilizaji wa Tabora, Tanga au Kisumu. Hapo ndipo "subiri" na "ngoja" zinapoachana, ingawa kamusi nyingi zitakuambia kuwa moja ni maana ya nyingine.

Tazama methali. Subira tunaisifu: subira huvuta heri, subira ni ufunguo wa faraja. Tukienda msibani tunamwambia mfiwa, "Mungu akupe subira." Qurani inasema Mwenyezi Mungu yu pamoja na wanaosubiri. Kila mahali neno hilo linapopita linaacha harufu ya thawabu. Sasa sikiliza upande wa pili: ngoja ngoja huumiza matumbo. Hapo hakuna thawabu. Kuna mtu ana njaa na kuna mwingine anamchelewesha. Kusubiri ni jambo ambalo mtu analifanya ndani ya nafsi yake, na akilifanya vizuri anasifiwa. Kungoja kunataka kitu kinachongojwa, na kikichelewa swali linaruka kwa yule aliyekishika.

Shairi lako linasema lipi kati ya hayo mawili? Unamsifu babu kwa uvumilivu wake, au unamuuliza karani? Mimi nikilisoma naona umefanya yote mawili kwa ustadi: kanzu safi na kofia zinamsifu babu, dirisha na faili zinamshitaki karani. Kibwagizo ndicho kinachoamua mizani hiyo ilalie wapi. Ukisema "husubiri" unaongeza sifa juu ya sifa. Kanzu tayari imeshatuambia kuwa huyu ni mzee mstahimilivu, mwenye adabu na dini yake. Ukitia tena subira, mashitaka yanapoa. Msikilizaji anatikisa kichwa, anasema "masikini mzee, Mungu atamlipa", na karani anapona.

Kuna na jambo jingine ambalo kikundi chenu hakikuligusa. "Subiri" ndilo neno la karani mwenyewe. Nenda ofisi yoyote: "Mzee, subiri kidogo." "Naomba usubiri pale." Ukipiga simu ya huduma kwa wateja utaambiwa "tafadhali subiri" kisha muziki. Ni neno la adabu, na adabu hiyo ndiyo inayomfanya mtu aone haya kulalamika. Kwa hiyo ukiandika "husubiri", umemweleza babu kwa lugha ya dirishani. Umesimama upande wa pili wa kioo bila kukusudia.

Nakiri wazo hili lilinitia tamaa. Nikajaribu kuandika mshororo wa tatu upya: "Karani yu dirishani, 'subiri' ni neno lake", ambao ni mizani kumi na sita kamili, na kina kimekaa. Karani anasema "subiri", kibwagizo kinajibu kwa "ngoja", na maneno mawili yanagombana hadharani. Ni ujanja mzuri, lakini usiufanye. Utampoteza karani asiyeinua macho, naye ana thamani kuliko ujanja wangu. Macho yasiyoinuliwa yanatosha kumwonyesha mtu anayesema "subiri" hata kama hakulitamka.

Kuhusu madai kwamba "ngoja" ni neno la sokoni: huyo ndugu yako namuomba afungue Zaburi ya 40 katika tafsiri ya Biblia iliyozoeleka makanisani. Inaanza, "Nalimngoja Bwana kwa saburi." Maneno yote mawili yamo ndani ya pumzi moja, na kila moja limepewa kazi yake. Kungoja ni tendo, saburi ni namna ya kulitenda. Watafsiri hawakuona haya kumngoja Mwenyezi Mungu, basi mshairi asione haya kuingoja pensheni. Na nilivyoona mimi, neno huwa la sokoni kutokana na majirani zake. "Ngoja" kando ya "bwana wee" ni la sokoni kweli. Kando ya kanzu, kofia na haki, lina hadhi ya kutosha.

Sasa mizani, na hapa ndipo penye utamu. Aliyesema mizani itapungua ana haki nusu. "Hu-su-bi-ri" ni nne, "hu-ngo-ja" ni tatu, kwa hiyo "hungoja haki yake" unabaki na saba na mshororo unachechemea. Lakini Kiswahili kina njia kadhaa za kumpata huyo mmoja aliyepungua, na kila njia inakupa maana yake. Mshairi akichagua kwa kuhesabu vidole tu anaweza kuokota isiyo yake.

Ya kwanza ni "hungojea haki yake". Hu-ngo-je-a, nne, nane zimetimia. Inatamkika vizuri na watu wengi huitumia. Shida yangu ni kwamba "ngojea" sikioni mwangu ina ulaini wa matarajio, kama mtu anayengojea mgeni aliyeahidi kuja. Babu hajaahidiwa kitu, au ameahidiwa mara nyingi mno. Tena imebaki na ile "hu-", nami nina neno nayo.

"Hu-" ya mazoea haina nafsi. Mimi husubiri, wewe husubiri, wao husubiri: kitenzi hakibadiliki, na ukikitazama peke yake hujui ni nani. Kwenye methali hilo ni jambo jema, kwa sababu methali ni ya kila mtu. Kwenye kibwagizo chako ni hasara. Umetuonyesha mzee huyu mmoja, bahasha yake, kofia yake, halafu ukifika kwenye kitenzi kinachobeba shairi zima, yeye hayumo. Najua ulitaka "hu-" ituambie kwamba anakwenda kila siku. Lakini kibwagizo kinarudi mwisho wa kila ubeti, na kule kurudi ndiko kunakotuambia kila siku. Huhitaji kulisema mara mbili.

Ya pili ni "anangoja haki yake". Nafsi imerudi, mizani nane, lugha ni ya kila siku na haina makuu. Mshairi wa leo anayeogopa kuonekana wa kale angeichagua hii, wala nisingemlaumu. Upungufu wake ni "-na-", inayobana tendo kwenye saa hii. Anangoja sasa hivi, labda akitoka hapo anakwenda kunywa kahawa. Ubeti wa pili, wenye wenzake waliokwisha kuzikwa, unataka wakati mpana zaidi.

Ya tatu ndiyo ninayokupendekezea: "aingoja haki yake". A-i-ngo-ja, ha-ki-ya-ke. Nane. Hiyo "a-" ya mwanzo ni babu, na humo humo umo ule wakati wa "-a-" ambao washairi wetu wameutumia tangu zamani, usiofungwa na saa. Ile "-i-" ni haki. Yaani umemweka mzee na kitu anachodai ndani ya kitenzi kimoja, bila mtu wa tatu kati yao. Na kiambishi hicho cha yambwa, yaani cha kitu kinachongojwa, kinaifanya haki iwe ile inayojulikana, si haki yoyote ya kwenye hotuba. "Angoja haki" angeweza kusemwa mtu yeyote mwenye matumaini. "Aingoja haki yake" ni mtu anayejua anadai nini, kiasi gani, na kwa nani. Ndicho kitenzi kile kile cha Zaburi ukikitazama: nali-m-ngoja, a-i-ngoja.

Halafu ukirudisha mshororo huo mahali pake, sikiliza kinachotokea na ule unaoutangulia:

Karani yu dirishani, hainui macho yake,
Babu yuko kibaoni, aingoja haki yake.

"Hainui", "aingoja". Utao (kipande cha pili) wa mshororo mmoja na utao wa mwenzake vinafungua kwa sauti moja, kisha kila kimoja kinakwenda zake. Karani yuko kwenye ukanushi, babu yuko kwenye uyakinishi. Hukupanga hivyo, nami sikupanga, ila neno lililo sahihi mara nyingi huleta zawadi ya namna hii, na "husubiri" haikuileta.

Sitakuficha kasoro yake. Irabu mbili zinafuatana, "a-i", na kabla yake kipande cha kwanza kimeishia kwa "-ni". Mghani mwenye haraka atazimeza: "ai-ngoja", mizani saba, na wazee wa kuhesabu watakunja uso. Dawa ni kituo kidogo baada ya "kibaoni", ambacho mkato umeshakiweka, na kumkumbusha mghani kwamba "a" na "i" kila moja ni pigo lake. Kama shairi hili litaghaniwa, mpe mtu ulisikie kabla ya siku yenyewe.

Kuna namna ya kuikwepa kasoro hiyo, nami nakutajia ili ujue kwa nini siitaki. Wafanyakazi wetu wakistaafu husema "nafuata haki zangu", kwa wingi, wakimaanisha fedha zao. Ungeweza kuandika "azingoja haki zake". Mizani nane, "z" imeingia kati ya irabu, ulimi hautelezi. Ila umepunguza shairi. "Haki zake" ni mafao tu, ni tarakimu kwenye hundi. "Haki yake" kwa umoja ni mafao na ni uadilifu pia, na shairi la beti mbili halina nafasi ya kutupa maana ya pili iliyokuja bure. Hasa kwa kisa hiki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na watumishi wake wa reli, bandari, posta na ndege walidai mafao kwa miongo. Madai ya wale wa Tanzania yalifika mahakamani, na wengine walifariki kabla ya kuona mwisho wake. Kilichokuwa kinangojwa pale hakikuwa fedha peke yake.

Utakutana pia na mtu wa pwani atakayekupa "yuangoja haki yake". Nane, safi kabisa, na ina sauti tamu ya Mombasa. Iache. Umeshaazima "mavani" ili kuponya mizani, maana "makaburini" yangekujaza mshororo, na hilo nakuruhusu kwa sababu wasomaji wa mashairi wanalijua. Ukiongeza na "yuangoja", babu wa Tabora ataanza kusikika kama mtu wa Mvita, na mataruma ya Reli ya Kati yatashangaa.

Nimpe haki yake "husubiri" kabla sijaiacha, kwa sababu yupo msomaji mmoja anayeweza kuitetea na akanitikisa. Atasema: ubeti wa pili unabadilisha kila kitu. Wenzake wamo makaburini, ameachwa peke yake, na hapo kibwagizo kinaporudi, "husubiri haki yake" haizungumzii tena ofisi. Mzee anasubiri zamu yake kwa Mola, ambako hakuna karani. Hiyo ni tafsiri nzito, nami niliikalia kwa muda. Tatizo ni kwamba inamtaka msikilizaji abadilishe maana katikati ya neno alilokwisha kulizoea tangu ubeti wa kwanza, na shairi halimpi ishara yoyote ya kufanya hivyo. Faili bado limo chumbani, mshororo mmoja tu juu yake. Ungekuwa na ubeti wa tatu, wa usiku, wa sala, ningekuambia uiache "husubiri" na ubeti huo uibebe. Kama ubeti huo unao kichwani, basi andika kwanza ndipo uamue. Kama huna, usiutunge kwa ajili ya kuokoa neno.

Kishawishi kimoja cha mwisho. Ukishaanza kuchezea kibwagizo utagundua kwamba "haki angoja ifike" nao una mizani nane na kina cha "-ke". Wengi wangeufurahia kwa kuwa unaondoa "yake", na kweli shairi lako lina "-ake" kila mwisho wa mshororo: zake, mwake, yake, lake. Hizo ni vina vya bei rahisi, na malenga mkali atakuambia hivyo usoni. Lakini kwenye kibwagizo, "yake" ndiyo shairi. Bila hiyo, babu anangoja haki ifike kama watu wanavyongoja mvua. Ikiwemo, ni mali yake iliyo mikononi mwa wengine. Basi kama unataka kupunguza "-ake", punguza kwingine. Anza na "macho yake" na "haki yake" zilizofuatana, maana sikio linasikia "yake" mbili mfululizo na ya pili, iliyo muhimu, inapungua nguvu. Mimi ningejaribu kuhamisha mshororo wa karani uwe wa pili na wa kanzu uwe wa tatu, ingawa hapo utapoteza ule ukaribu wa "hainui" na "aingoja" niliousifu. Ukiniuliza, ningevumilia "yake" mbili nibaki na ukaribu huo. Hilo nakuachia, shairi ni lako.

Kwa kikundi chenu, msipige kura. Chukueni mtu ambaye hakusikia ubishi, mghanieni beti zote mbili na "husubiri", kisha muulizeni swali moja tu: nani mwenye kosa? Siku nyingine tafuteni mtu mwingine, mghanieni na "aingoja", swali lile lile. Na kama babu yuko hai, msimuulize habari za mizani. Muulize tu alikuwa akifanya nini pale ofisini siku zote zile, usikilize anatumia kitenzi gani. Akisema "nilikuwa nasubiri", mimi nitanyamaza na wewe rudisha neno lako la kwanza.